Mtoto Aliyeinuliwa Hamru

Mbeleko ililegea kwa mara ya tatu asubuhi ile. Neshiri alikuwa ameifunga mwenyewe, fundo kalikaza kwa meno, na sasa alisimama katikati ya zizi na ndoo ya maziwa mkononi asijue imekuwaje. Mtoto alikuwepo mgongoni. Alimgusa kwa kiwiko, alikuwepo. Ila mgongo haukumhisi.

"Baba Iluo," alimwita mumewe, "hebu mshike mwanao."

Torvam alimpokea, akacheka. "Mbona kama manyoya? Mnyonyeshe bwana, usimbanie."

"Ananyonya mpaka naona kizunguzungu."

"Basi yote yanaishia kwenye kulia."

Lakini Iluo hakuwa amelia tangu juzi, na hilo ndilo lililomtia Neshiri baridi. Mashavu yalikuwa manono, mapaja yana mikunjo, hana homa. Alipomlaza kwenye rundo la sufu, sufu haikubonyea. Na tangu juzi hiyo hiyo, kila jua lilipofika utosini, nje kulinuka kama jiwe lililopigwa na radi, na juu ya paa kulikuwa na sauti, si upepo, ni kama mtu mkubwa anayevuta pumzi asiitoe. Hakutoka kutazama. Huko kwao Hamru watu hawatazami juu. Hutembea chini ya kofia pana, na anayetaka kujua kama mvua inakuja huwatazama mbuzi.

Adhuhuri aliingia ndani na bakuli la uji wa shayiri, akamkuta Iluo amelala vilevile alivyomwacha, chali, isipokuwa hakuwa amelala juu ya kitu chochote, alikuwa shubiri moja juu ya sufu na blanketi limemning'inia pande zote, macho yake wazi, anaichekea dari kama watoto wanavyomchekea mtu wanayemfahamu, na Neshiri aliliachia bakuli akamrukia akamvuta, na kilichomtisha kuliko vyote ni kwamba mtoto hakushuka mara moja, kitu fulani kilichelewa kidogo kumwachia.

Torvam alimkuta uvunguni mwa kitanda, amemkumbatia mtoto.

"Ulifanya nini juzi?" alinong'ona Neshiri.

"Juzi lini?"

"Torvam. Ulifanya nini na mwanangu?"

Alipiga magoti, akavua kofia, akaizungusha mikononi. "Kaka alikuwa ng'ambo ya korongo. Alitaka kumwona. Ukungu ulikuwa umejaa korongoni, kwa hiyo nikamwinua."

"Mpaka wapi?"

"Juu ya kichwa. Mikono yote."

"Chini ya anga tupu? Ukasema nini?"

"Mzaha tu, Neshi. Nilisema huyu hapa, hatupi usingizi, mchukue."

Kesho yake mapema walikuwa kwa Bi Gashemu, mtoto kafungwa kifuani kwa mikanda ya punda. Bibi huyo aliishi pangoni, na wazee wake walikuwa Wainuaji, jambo ambalo watu humtajia wakigombana naye na kulisahau wakimhitaji. Alimpima Iluo kwa kiganja kimoja, akasonya.

"Mnajua kwa nini mnavaa kofia, au mnavaa tu?"

Torvam aliushika ukingo wa kofia yake.

"Ukame ulikaa miaka saba," alisema Bi Gashemu. "Mchungaji mmoja, Orrun, akasikia sauti adhuhuri ikimwambia, nipe nikupe. Akamwinua mbuzi, ikanyesha siku moja. Akamwinua mwanawe, ikanyesha mwezi. Basi watu wakang'oa mapaa ya nyumba zao ili waonekane vizuri, wakaita anga baba, na kila mzaliwa wa kwanza akapandishwa mlimani. Watoto walikuwa wanakuwa wepesi kwanza. Siku ya nne, wanakwenda. Bibi zetu ndio waliochoka, wakachimba mapango wakajificha na watoto, na kuwaachia wanaume anga lao." Alimtazama Torvam. "Ila lile si anga, kijana. Anga halina mdomo. Lile ni jini, linakaa pale kwenye mwanga mkali, na halijawahi kumnyang'anya mtu mtoto. Hupewa."

"Leo ni ya nne," Neshiri alisema, na sauti haikuwa yake.

"Ndiyo. Aliyetoa ndiye wa kudai. Uso chini, wote wawili, mpaka jua lipinduke. Litawaita. Atakayetazama juu amekubali kwenda yeye."

Adhuhuri walipiga magoti nje ya pango, juu ya jiwe jeupe la Wainuaji. Neshiri alijikunja juu ya mtoto, paji la uso likigusa mwamba, na kando yake Torvam akasema, "Sikumtoa. Ilikuwa mzaha. Namdai mwanangu." Harufu ya radi ikashuka. Kofia zao ziling'olewa vichwani bila upepo, ile pumzi ikaanza kuvutwa, ndefu, ndefu, na ndani yake Neshiri akamsikia mama yake aliyezikwa mwaka jana akisema Neshi, mwanangu, nimekuja kumwona mjukuu, inua uso nikuone na wewe, na Iluo akaanza kupanda, akimsukuma kifuani kutoka chini kama maji yanavyosukuma gome, mkanda mmoja ukakatika, wa pili ukakatika, naye akamfumbata kwa mikono na magoti na kidevu, macho kayafumba, akisema hapana mama, hapana, hapana mama, mpaka ulimi ukakauka.

Kisha kimya. Iluo akaanguka mikononi mwake na uzito wake wote, akalia kilio cha kukera, kilio cha njaa. Neshiri hakuwahi kusikia kitu kitamu kama kile.

Bi Gashemu alitoka pangoni akamshika mtoto, akatikisa kichwa. "Limemwachia. Upesi mno." Akamkazia Neshiri macho. "Ulitazama?"

"Sikutazama."

Wote wawili wakamgeukia Torvam. Alikuwa amesimama, machozi yanamtiririka, na kwa namna fulani anatabasamu.

"Nilisikia mikanda inakatika, Neshi," alisema. "Nilitazama kidogo tu."

Neshiri alimrukia, akamzungushia mkono shingoni, akamvuta kwake, na bila yeye kutumia nguvu yoyote miguu ya mumewe ikaachana na jiwe.

"Nishike," Torvam alinong'ona sikioni mwake. "Jua bado halijapinduka."