Taa Nyekundu ya Shimo la Onchiri

Kila asubuhi Lynnet alichota maji, akafagia uwanja, kisha akaenda shuleni kupitia kando ya machimbo ya dhahabu ya Macalder. Baba yake, Onyango, alichimba huko. Njiani palikuwa na shimo alimofia Onchiri, mchimbaji mwenzake Baba, maji yalipopanda ghafla.

Baada ya mazishi, wachimbaji walimwomba Phelesia, shangazi yake Lynnet aliyekuwa fundi wa umeme, aweke taa ya kuwaonya. Ikiwaka, shimoni mna maji. Ikizimika, ni salama kushuka.

Lakini taa ile haikuzimika kabisa. Tangu siku ya kwanza, hata shimo likiwa kavu, ilibaki na wekundu hafifu, kama kaa la moto linalokaribia kufa. Wachimbaji waliitazama wakashusha sauti.

"Ni Onchiri," walisema. "Bado anatulinda."

Wakazoea kuisalimu na kushuka. Jioni, Nyanchoka, mjane wa Onchiri, alikuja kuketi kando ya taa, kimya, hadi giza lilipoingia. Lynnet akipita hapo alikimbia. Hata kitandani, alipofumba macho aliuona wekundu ule.

Alijua jambo ambalo hakumwambia mtu. Siku ya kuweka taa, Shangazi alikuwa na vidhibiti viwili, visanduku vinavyopokea habari kutoka kwa kifaa cha kupima maji na kuamua taa iwake au izime. Miwani yake ilikuwa imevunjika.

"Nitafutie kinachofaa taa ndogo ya volti ishirini na nne, nyathina," alimwambia Lynnet, akimwita mwanangu kwa Kijaluo. "Soma karatasi zote mbili za maelezo yake, sehemu ya umeme unaotoka."

Wenzake walikuwa wakimngoja wakaruke kamba. Lynnet aliangalia picha tu, akachagua kile kilichopendeza.

"Umesoma?"

"Nimesoma, Shangazi."

Shangazi alimshukuru, akampa ndizi mbivu.

Jumamosi moja, baada ya mvua ya usiku kucha, Lynnet alimpelekea Baba chai machimboni. Alimkuta anajifunga kamba kiunoni. Jua lilimulika kioo cha taa, usiweze kujua kama inawaka sana au kidogo.

"Baba, usishuke. Taa inawaka."

"Inawaka kila siku, mama. Huyo anataka salamu tu." Akaigeukia taa, akaisalimu kwa Kijaluo. "Amosi, Onchiri." Wenzake wakacheka kidogo, naye akaweka mguu kwenye ngazi.

Lynnet aliishika ile kamba kwa mikono miwili.

"Si Onchiri. Ni mimi. Shangazi aliniambia nisome, nikasema nimesoma. Sikusoma, Baba."

Onyango hakumkemea. Alitoa mguu kwenye ngazi, akafunga jiwe kwenye kamba, akaliteremsha. Halikufika mbali. Lilitumbukia, na wote wakasikia. Maji yalikuwa yamefunika zaidi ya nusu ya ngazi. Hakuna aliyecheka tena.

Shangazi alikuja na miwani mipya, akasoma karatasi mwanzo hadi mwisho.

"Hiki tulichoweka, hata swichi yake ikizimwa, huacha umeme kidogo upenye," alisema. "Mota kubwa haiuhisi. Taa ndogo kama hii inatosheka nao. Hiki kingine hukata umeme kabisa."

Akabadilisha. Siku mbili baadaye, maji yalipokwisha kuvutwa kwa pampu, taa ilizimika ikawa nyeusi.

Jioni hiyo Nyanchoka alifika. Lynnet alimweleza mwenyewe, huku Shangazi amesimama nyuma yake. Nyanchoka alikitazama kile kioo cheusi.

"Kumbe nilikuwa nimeketi peke yangu," alisema.

Lynnet akalia. Nyanchoka alimfuta uso kwa ncha ya leso yake. "Nyamaza, mwanangu. Baba yako yuko nyumbani. Nenda ukale naye."

Walipokuwa wakirudi, Shangazi alimshika Lynnet mkono.

"Kutosoma siku ile lilikuwa kosa dogo," alisema. "Ungeniambia 'sijasoma', ningengoja nipate miwani. Lakini ulisema umesoma, na watu wakashuka shimoni kwa kuliamini neno lako. Ukiulizwa kama umefanya kazi na hujafanya, sema hujafanya. Aibu yake huisha siku hiyo hiyo."

"Nimesikia, Shangazi."

"Na kesho jioni tutakwenda kwa Nyanchoka. Hana tena mahali pa kuketi."