Mkebe Uliofichwa Kwenye Gunia la Mtama

"Fungua mkebe, Thioune. Wali wangu unapoa."

Inspekta Diop alikuwa amejikalia kwenye mkeka wa watu, hapo Medina, Dakar, mchana kweupe, sinia la wali wa samaki mbele yake. Majirani walijifanya wanakula. Nani ameze?

Biram Thioune aliukumbatia mkebe wa filamu. Kuli huyu wa zamani alijifundisha kuandika vitabu, wakubwa wakamvumilia; wangapi wanasoma? Lakini filamu aliyoipiga ya mgomo wa makuli hata kipofu angesimuliwa. Picha zikionekana, jela. Na mkebe ukifunguliwa kabla filamu haijasafishwa Paris, mwanga unaunguza kila kitu.

Kilichomtia baridi zaidi ni kwamba inspekta, alipoingia, alikwenda moja kwa moja kwenye gunia la mtama. Maficho hayo aliyajua Ngoné tu, mchumba wake. Na wiki hii Ngoné alionekana mara tatu mlangoni kwa inspekta.

"Inspekta, nakuomba..."

"Lete hapa!" Ngoné akaupokonya mkebe. "Tangu lini mtu wa ukoo wa Diop akajua kufungua kitu kisicho sufuria?"

Nyumba ikaangua kicheko. Ngoné ni wa ukoo wa Ndiaye, na Ndiaye na Diop ni watani tangu mababu; hata bunduki haikatazi.

"Nyamaza, mtumwa wangu," inspekta akacheka.

"Mtumwa wako ni tumbo lako!"

Akaufungua. Mkanda ukamwagika juani, mita kwa mita.

"Ngoné! Umeniua!" Biram alianguka kwa magoti.

Inspekta akainua kipande juu.

"Mbona hakuna picha?"

"Jua limezila. Ulitaka kujiona ukitafuna?"

Inspekta akafuta mikono. "Basi. Thioune, rudi bandarini ukabebe mizigo."

Alipotoka, Biram alimgeukia Ngoné.

"Nani alimwambia kuhusu gunia la mtama?"

"Mimi."

"Wewe? Kwa sababu sijapeleka kola za posa kwa baba yako?"

"Miaka miwili unaniambia filamu kwanza. Sababu ninayo."

Kabla hajajibu, mwenye duka la jirani akapaza sauti: "Biram! Simu kutoka uwanja wa ndege!"

Alishika simu ya duka kama anashika nyoka; alikuwa rafiki yake wa mizigo ya ndege.

"Kaka, mkebe wako umeruka kwenda Paris asubuhi hii. Ngoné aliuleta jana."

"Mkebe gani?"

"Wa mgomo! Alinikataza kukwambia. Eti uso wako haujui kudanganya."

Biram akageuka. Ngoné alikuwa mlangoni, kipande cha mkanda mtupu kikining'inia begani.

"Inspekta angetafuta mpaka aupate; nikampa mtupu," alisema. "Mtu akishapata, hatafuti tena. Ila bila kilio chako, asingeamini. Waigizaji wote umewafundisha, Biram. Wewe mwenyewe huwezi kuigiza."

"Na akigundua?"

"Atarudi. Naogopa kuliko wewe."

Biram alimtazama, kisha akamgeukia mwenye duka.

"Nipimie kola."

"Kiasi gani?"

"Cha kumfaa baba mkwe. Harakisha! Inspekta akirudi, atukute mke na mume."