Jasho la Kijivu

Rafiki yangu Damdin si mtu wa kutunga hadithi. Hata hamu yenyewe hana. Mimi na yeye tunafunza farasi wa mbio, na kazi yetu iko ulimini: unaonja jasho la farasi. Likiwa zito, lenye chumvi kali, bado. Likiwa jepesi kama maji, yuko tayari kukimbia.

Mwaka juzi jasho la Kijivu, farasi wa Damdin, lilikuwa zito, naye Damdin akamwingiza mashindanoni hivyo hivyo. Farasi alianguka akafa, mstari wa mwisho anauona. Damdin hakulia. Alikipandisha kichwa cha farasi kwenye rundo la mawe kilimani, kama tunavyowafanyia wote tuliowapenda.

Juzi mkewe, Tsermaa, akamwambia, "Ukienda kutafuta kondoo, mpitie Kijivu umpe maziwa. Hata chozi hukumpa."

"Fuvu linywe maziwa? Haya, lete."

Alifika juu giza likiingia. Upepo ukakata ghafla, hata vitambaa vilivyofungwa kwenye mawe vikanyamaza. Ndipo akasikia: to, to, to. Mvua haijanyesha mwezi mzima. Akapapasa mpaka mkono ukagusa paji la fuvu. Mfupa ulikuwa wa moto, umelowa, povu limejaa kwenye mashimo ya macho.

"Uliogopa?" nikamuuliza aliponisimulia.

"Sikuhisi kitu, ndugu yangu. Mkono ulijiendea wenyewe mdomoni, kwa mazoea."

"Ukaonja?"

Akatazama vidole vyake.

"Jepesi," akasema. "Jepesi kama maji."