Chaki Nyekundu Kwenye Mbao Mbichi

Kila alipotoka shule, Kipimo alikwenda kwenye karakana ya shangazi yake, fundi wa nyumba za mbao, kupima unyevu wa mbao zilizotoka msitu wa jirani. Zilizokauka alizitia chaki nyekundu. Mbichi alizirudisha kuanikwa. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina. Shangazi alikuwa amemweleza kwamba kutengeneza saruji na matofali ya kuchoma hutoa moshi na hewa ya ukaa kwa wingi, ilhali mti huivuta hewa hiyo na kuendelea kuihifadhi hata ukiwa ukuta, mradi kila unaokatwa upandiwe mwingine.

Basi Kipimo akaotesha miche mia mbili. Siku moja binti wa muuza saruji, mwanafunzi mwenzake, aliikanyaga yote mbele ya darasa, akisema wanaoishi kwenye masanduku ya mbao hawahitaji msitu. Kipimo hakulia. Aliliweka moyoni.

Wiki mbili baadaye, bibi yake yule binti aliagiza chumba cha mbao kwa shangazi. Kipimo alichagua mbao tisa ambazo bado zilikuwa mbichi, akazitia chaki nyekundu moja baada ya nyingine. Moyo wake ulikuwa mtamu kama umepakwa asali. Akilini aliziona tayari zikijikunja, misumari ikilegea, na yule binti akiaibika.

Mbao zilipokuwa zikipigiliwa, bibi alikuja na mkongojo wake.

"Mjukuu wangu, nasikia wewe ndiye unayepima," alisema. "Basi nitalala bila wasiwasi."

Kipimo alitazama juu. Boriti mbichi, mojawapo ya zile tisa, ilikuwa imekaa sawasawa juu ya mahali pa kitanda. Hasira haikumtoka. Hata hivyo alimfuata shangazi, akamwambia yote.

Shangazi hakufoka. Alisimamisha kazi, akamkabidhi nyundo, na Kipimo akang'oa misumari ya mbao zote tisa hadi viganja vikatoka malengelenge. Bibi naye, aliposikia habari za miche, alimwita yule binti aje kuomba radhi na kuotesha mingine mia mbili.

"Ulikuwa na haki ya kukasirika," shangazi alimwambia Kipimo. "Ungeniambia siku ile ile. Ukuta haumjui aliyekukosea. Humwangukia aliye ndani."

Kipimo aliitikia kwa kichwa. Kisha akamchagulia yule binti ndoo kubwa kuliko zote ya kutekea maji ya miche. Shangazi aliona, akageukia mbao zake.