Maua ya Kahawa Hayauzwi

Kila asubuhi Mektrida alikata majani ya ng'ombe. Mumewe, Sirili, alipalilia kahawa chini ya migomba. Kihamba chao, yaani shamba la ukoo walilorithi, kilikuwa Mkuu, Rombo, na kilitunzwa vizuri. Hakuna mvivu aliyeishi nyumba ile. Hata hivyo chumvi ilikopwa dukani, na sabuni pia. Binti yao Evelyn alikuwa amerudishwa kutoka sekondari kwa kukosa ada. Mwalimu alisema asipolipa Januari, nafasi yake atapewa mwingine.

Mwezi wa Novemba kahawa ilitoa maua. Melkior akaja kuyanunua.

Ndiyo, maua. Melkior alikuwa mfanyabiashara wa Himo. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kununua kahawa, naye akaingia. Alikopesha watu pesa kahawa ikiwa bado maua. Wakati wa mavuno alikuja na gari kuchukua kilo zake. Alikuwa na tabasamu la mtu aliyekwisha kushiba kwako.

"Krismasi hiyo inakuja, Sirili," alisema. "Kaka zako watapanda kutoka Dar. Utawapa mtori mtupu wa ndizi? Chukua elfu themanini, ununue dume la kuchinja. Mwakani utanipa kilo mia mbili tu."

Kilo mia mbili ilikuwa kahawa yao yote. Sirili alijua. Lakini aliwaza kaka zake, akaona aibu, akanyoosha mkono.

Mektrida aliweka chini mzigo wake wa majani. Akasimama katikati yao.

"Hayauzwi," alisema.

"Mama Evelyn, haya ni mambo ya kahawa," Sirili alisema. "Kahawa ni ya wanaume. Wewe una ndizi zako."

"Mwaka huu kahawa yote ilienda kwake, na bado anatudai. Mwanangu yuko nyumbani anachota maji wakati wenzake wanasoma. Ukichukua pesa hiyo, ng'ombe huyo mtamchinja wenyewe na mtampika wenyewe. Mimi sitawasha moto."

Melkior alicheka. "Sirili, kwako nani anaongea?"

"Leo naongea mimi," alisema Mektrida. "Na geti liko kule."

Melkior akaondoka. Sirili alikasirika mno. Alimwambia mkewe kwamba amemvua nguo mbele ya watu. Mektrida hakuomba radhi. Alikwenda moja kwa moja kwa jirani yao Eliona, mjane aliyekuwa mweka hazina wa chama cha kuweka na kukopa pale parokiani. Eliona aliwahi kukopeshwa na Melkior, akalipa na kujitoa mikononi mwake.

Jioni Eliona alikuja. Sirili alimwamkia kwa sauti ya chini, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umenuna, lakini utanisikiliza. Mwaka huu kilo moja ya kahawa iliuzwa shilingi ngapi?"

"Elfu moja."

"Melkior anakupa elfu themanini kwa kilo mia mbili. Kilo moja ameinunua shilingi ngapi?"

Sirili alihesabu kwa midomo. "Mia nne," alisema.

"Basi kwa bei hiyo unakopa elfu themanini na kulipa laki mbili. Ng'ombe mmoja anakugharimu kama ng'ombe wawili na nusu. Usitazame pesa unayopewa mkononi. Tazama unachotoa siku ya kulipa."

Sirili akasema, "Sina njia nyingine. Nyumba hii haina pesa."

"Nani amesema?" Eliona alimgeukia Mektrida. "Wewe, za ndizi unaweka wapi?"

Mektrida aliangalia chini. Ushujaa wote ukamwisha. Aliingia ndani akatoka na kopo la majani ya chai. Lilikuwa limejaa noti.

"Mama Evelyn," alisema Sirili polepole. "Mimi nakopa kwa Melkior, na wewe una hizi?"

"Hukuniuliza."

"Mwanamume anaulizaje pesa ya ndizi?"

"Na mimi sikujua kama ulikuwa unakopa mpaka Melkior alipokuja na gari."

Eliona aliwacheka wote wawili bila huruma. "Ndiyo ugonjwa wetu huu. Baba ana kahawa, mama ana ndizi na maziwa, na kila mmoja anaficha. Mnalala kitanda kimoja, pesa zenu hazijuani. Mzichanganye. Kwanza ada na chakula. Pili deni la zamani, kidogo kidogo, mbele ya balozi wa nyumba kumi awe shahidi. Tatu akiba, hata kama ni ndogo. Sherehe ipate kinachobaki. Na msikope kwa huyu ili mmlipe yule."

Sirili alikiri kwamba anadaiwa pia kwenye kilabu cha mbege, pombe ya ndizi. Deni hilo nalo likaingizwa kwenye mpango. Pesa za kopo zikawekwa kando kwa ada ya Evelyn.

Krismasi ikafika. Fredy, kaka mkubwa wa Sirili, alipanda kutoka Dar na gari la kuazima. Alizunguka nyuma ya nyumba, akarudi.

"Dume liko wapi?" aliuliza. "Ukoo mzima unakuja, na wewe hujachinja?"

Mektrida alifungua mdomo ajibu, lakini Sirili alimtangulia.

"Sijachinja na sichinji," alisema. "Mwanangu anarudi shule Januari. Mtori upo, mbege ipo, karibu sana. Ukitaka ng'ombe, kaka, mnada upo na pesa unayo."

Fredy alitazama huku na huku akitafuta wa kumuunga mkono. Hakumpata. Mwishoni alikwenda kununua mbuzi, akalalamika njia nzima. Mbuzi akaliwa, na hakuna aliyekufa kwa aibu.

Evelyn alirudi shule. Kabla ya mavuno, Sirili na Mektrida walimaliza madeni yote kwa pesa za ndizi na maziwa, na balozi akashuhudia. Msimu ulipofika, kahawa ilikauka uani ikiwa yao, kila punje.

Melkior alikuja na gari lake. Safari hii hakukuwa na kilo zake. Alichota kahawa kwa kiganja, akainusa.

"Haya, mnauzaje?" aliuliza.

Sirili alimtazama mkewe. Mektrida akavuta kigoda, akakaa, akamtajia bei.