Aliyemuua Siwema

Kila alasiri, baada ya masomo, Zuena alipanda ulingo katika shamba la mpunga la baba yake huko Ubaruku ili kuamia ndege. Kazi yenyewe haikuwa na ufundi. Mtoto alikaa juu ya jukwaa la miti, akapiga kelele na kurusha mabonge ya udongo kila kundi la kweleakwelea lilipotua kwenye masuke. Lakini Zuena hakurusha hata bonge moja. Alikuwa na kitabu, na mwenye kitabu hakukosa watumishi.

Baba yake, Mzee Othmani, alikuwa na duka pale pale kijijini. Kila alipokwenda Mbeya kununua vitambaa na sukari, alirudi na kitabu cha hadithi, maana alipenda visa vya zamani kuliko chakula. Kitabu cha mwaka ule wa 1956 kilimhusu Siwema, binti aliyetekwa katika vita vya machifu, na Lugano, kijana mpiga ngoma aliyevuka milima kumtafuta. Zuena alikuwa darasa la nne, na haki yake tumpe: alijua kusoma. Alipofika penye siri sauti yake ilishuka, na boma lilipochomwa moto wasikilizaji walihisi moshi puani. Watoto wa mashamba ya jirani walikaa chini ya ulingo midomo wazi, mpaka Zuena alipofunga kitabu ghafla na kusema, "Nani atafukuza ndege wangu? La sivyo Lugano anabaki huko huko mlimani."

Waligombania kumfanyia kazi.

Aliyekipenda kitabu kile kuliko wote alikuwa Tekla, binti wa Eliezeri mkulima. Tekla hakupelekwa shule. Alikariri maneno ya Siwema akayasema peke yake akipepeta mchele, na wakati wa kula alijiuliza Siwema amekula nini huko kifungoni. Kwake yeye, hao walikuwa watu waliowahi kuishi kweli. Siku moja aliomba, "Zuena, nifundishe herufi. Hata chache tu."

Zuena alicheka. "Ukijua kusoma, nani atanichotea maji?"

Basi Eliezeri akaugua homa kali, na Tekla akabaki nyumbani kumkanda. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Tekla kufukuza, basi ndege walikula mpunga wa Zuena, na Zuena akagombezwa na baba yake. Kesho yake Tekla alikuja mbio, angalau asikie kidogo kisha arudi kwa mgonjwa. Zuena alimtazama, akafungua kitabu, akaanza kutunga.

"Siwema akateleza mtoni, maji yakamchukua. Akafa bila ndugu, wala hakuna hata mmoja aliyenyoa nywele kumwombolezea."

Hayo hayakuwemo kitabuni. Kitabuni Siwema alivuka mto salama. Zuena alilijua hilo vizuri, na aliona raha kumwona Tekla akilia. Ndiyo, raha. Watu husema mtoto hana kinyongo. Hao hawakumjua Zuena.

Tekla alikwenda nyumbani, akachukua wembe, akanyoa kichwa chote.

"Nani amekufa?" mama yake, Lusia, aliuliza kwa hofu.

"Siwema, mama. Hakuwa na mtu wa kumnyolea."

Lusia hakumjua Siwema yeyote. Alichokijua ni kwamba kunyoa kichwa wakati mgonjwa yumo ndani ni uchuro, ni kukiita kifo. Alimchapa Tekla mpaka fimbo ikavunjika, akamhamishia jikoni, akamkataza kukanyaga chumba cha baba yake. Eliezeri alipoliita jina lake akitaka maji, Tekla aliamriwa asiitike. Njiani watoto wenzake walimkimbia. Zuena aliyaona yote hayo, akanyamaza.

Homa ilipozidi, Lusia alimbana binti yake aseme Siwema ni nani, kisha akamburuta mpaka dukani kwa Mzee Othmani.

"Baba Zuena, nisaidie. Huyu Siwema wa kitabu chako ni nani? Mtoto anasema amekufa, na kifo chake sasa kimeingia kwangu."

Mzee Othmani aliweka chini mzani; Zuena alikuwa nyuma yake, kitabu mkononi. "Siwema hajafa, Mama Tekla. Nimekisoma kitabu hicho mara mbili. Zuena, ulisoma nini?"

"Labda nilikosea mstari, baba."

"Onyesha huo mstari."

Zuena alifunua kurasa, akafunua tena. Hakuwa na cha kuonyesha, akainamisha kichwa. Baba yake alikichukua kitabu, akasoma kwa sauti mahali Siwema alipopanda ng'ambo ya mto na kumkuta Lugano akimngoja. Kisha akamwambia Tekla kwa upole, "Umesikia, mwanangu? Yuko hai."

Tekla alipapasa upara wake. "Nimesikia, baba. Hata siku ile ya kifo chake nilisikia tu."

Mzee Othmani alifunga kitabu. Alimgeukia Zuena.

"Asiyejua kusoma amekukabidhi macho yake umwangalizie njia. Wewe umeyatia mchanga. Msomaji mwongo ni mbaya kuliko mwizi, maana mwizi haaminiwi, lakini msomaji huaminiwa hata anapodanganya. Kuanzia leo utafukuza ndege wa shamba letu na la kina Tekla. Na utamfundisha kusoma, mpaka asikuhitaji tena."

Eliezeri alipona. Lusia alimrudisha Tekla ndani, ingawa hakumwomba radhi. Nywele zikaota. Zuena alifundisha kila alasiri huku akiruka kutupa mabonge, viganja vikichubuka. Tekla alijifunza bila kucheka na bila kumtazama usoni.

Mavuno yalipokaribia, Tekla alikifungua kitabu mwenyewe. Kidole chake kilitambaa juu ya maneno, herufi kwa herufi, mpaka ng'ambo ya mto. Siwema alikuwa hai. Tekla alifuta machozi, akafunua ukurasa uliofuata.

Zuena akasogea karibu yake. "Umeona? Nisamehe, Tekla. Tusome pamoja kama zamani."

"Sogea," Tekla alisema. "Unanizibia mwanga."