Fulana Elfu Sitini za Mwenyekiti

"Nguo zimekauka. Zianue."

Simu ikakatwa. Maana yake kontena linaondoka leo.

Aika aliitumbukiza Nokia mfukoni, akashika ufagio na kuingia ghalani, pale Darsait, Omani. Wiki tatu alikuwa mfagiaji hapa. Idara yake ya upelelezi Dar ilijua hakuna anayemtazama mfagiaji mara mbili.

Mwenyekiti Godfrey alisimama katikati ya maboksi, mkoba kwapani. Mkoba huo ndio uliokuwa ofisi ya Chama cha Mizani. Wanachama wake wote wangetosha kwenye sofa moja, na bado wangenyoosha miguu. Lakini jitu hili limeagiza fulana za kampeni elfu sitini! Wenzake wakihalifu hutumia akili. Huyu hata kukadiria uongo kulimshinda.

Chini ya fulana kulikuwa na bunduki. Wauza silaha walimwahidi uwaziri akiwasaidia kuwasha moto wa vurugu wiki ya uchaguzi. Zikifika nyumbani, watu watakufa.

"Humam, nipo ndani," Aika alinong'onea kinasa sauti kolani.

"Nnakusikia, bibie," alijibu inspekta wa polisi kwenye kidude cha sikioni, Mwomani aliyelelewa kwa Kiswahili cha Unguja. "Vijana wangu wapo mlangoni. Lakini nnataka kuiona silaha kwa macho, wallahi. Maneno matupu siingii nayo."

Aika alichomoa kisu cha Victorinox, akapasua boksi.

Fulana. Fulana. Chuma.

"We dada! Mali ya chama hiyo!" Godfrey alifoka.

Mlinzi wake alichomoa bastola ya Makarov. Alichelewa. Mpini wa ufagio ulikuwa wa chuma, ukamvunja kifundo cha mkono. Bastola ikaanguka, Aika akaipiga teke.

Akaichomoa AK-47 boksini, akainyanyua juu, mbele ya dirisha.

"Umeona?"

"Nimeona. Tunaingia."

Dakika mbili, kazi imekwisha. Godfrey alikaa sakafuni na pingu, akilia, kamasi zikimtoka.

"Dada yangu, huielewi siasa. Chama kidogo kingepata wapi nafasi? Tulisema mbunge alipwe mshahara wa mwalimu, watu wakatucheka. Uchaguzi uliopita, jimbo zima kura kumi na moja! Kumi na moja!"

Aika alimtazama kwa kinyaa. Marehemu mama yake alifundisha miaka thelathini, akafa na chaki kwenye kucha. Siku ya kura hizo, binti yake alipanga foleni tangu alfajiri.

"Moja ilikuwa yangu," alisema.



Aika akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akatoka juani kutafuta teksi.